Mwanao Anapokwenda Capitol ya Iowa: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi na Mzazi Wake

Mara ya kwanza nilipompeleka binti yangu Capitol, yaani jengo la serikali ya jimbo letu la Iowa hapa Des Moines, ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa pili. Alikuwa darasa la tano. Alivaa koti lake jekundu la kanisani, na tangu tuliposhuka kwenye gari alikuwa amekumbatia daftari kifuani. Tulipanda hadi ghorofa ya tatu, tukaketi kwenye roshani ya wageni, tukatazama chini. Meza mia moja, viti mia moja, na mtu mmoja tu akisafisha zulia kati ya safu. "Mama, wamekwenda wapi?" akaniuliza. Sikuwa na jibu. Nilikuwa najua Bunge limefunguliwa tangu Januari, lakini hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba wabunge wa Iowa hukutana zaidi kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, kisha hurudi makwao.

Tangu siku ile nimepanda kilima cha Capitol mara nyingi, na wanangu, na watoto wa majirani, na vijana wa kanisani kwetu. Ninaandika haya kwa wazazi wenzangu waliotoka Nyarugusu, Kakuma, Uvira, Bujumbura na kwingineko, ambao watoto wao sasa wanasoma katika shule za Iowa na siku moja watarudi nyumbani na karatasi inayosema darasa linakwenda Capitol. Anayeishi jimbo jingine la Marekani atatumia sehemu kubwa ya mwongozo huu, maana kila jimbo lina gavana wake, Bunge lake na jengo lake. Saa na taratibu za mlangoni ndizo atakazoziulizia kwake.

Ninachotaka zaidi ya yote ni kwamba mtoto asiende kutazama tu dhahabu ya kuba ya jengo hilo. Aende akiwa na neno lake la kusema, na jina la mtu wa kumwambia.

Kwanza, hofu ya mlangoni

Wengi wetu tulilelewa tukijua ofisi ya serikali ni mahali pa kuitwa. Unaitwa, unapanga foleni na kadi yako ya mgao mkononi, unajibu unaloulizwa, unaondoka. Ndiyo maana fomu ya ruhusa inakaa ndani ya begi la mtoto wiki nzima bila kusainiwa, na siku ya safari anabaki shuleni wenzake wakipanda basi. Nimeyaona haya kwa familia zaidi ya moja, na yananiuma.

Capitol ni jengo la umma. Haihitaji mwaliko, haina kiingilio, na si lazima uwe raia ndipo uketi roshani ukasikiliza. Mlangoni kuna ukaguzi kama wa uwanja wa ndege: begi linapita kwenye mashine, wewe unapita kwenye mlango wa chuma, basi. Kisu kidogo cha kumenyea matunda kilichosahaulika mfukoni kitaleta usumbufu bure, kwa hiyo kagueni mabegi nyumbani usiku uliotangulia.

Fomu ya ruhusa isaini siku ileile inapofika. Kama kuna neno hulielewi, muulize mwalimu au mkalimani wa shule. Usimfanye mtoto mwenyewe akutafsirie, maana mara nyingine anaruka sentensi anayoona itakutia wasiwasi.

Kuchagua siku

Kama safari ni ya shule, siku imeshapangwa na walimu. Kama ni ya familia, hapa ndipo pa kuwa makini.

Bunge la Iowa hufunguliwa Jumatatu ya pili ya Januari. Mwaka wa witiri limepangiwa siku 110, mwaka wa shufwa siku 100, ingawa mara nyingine huzidi. Kwa hiyo, ukitaka kuwaona wabunge wakifanya kazi, nenda kati ya katikati ya Januari na Aprili, Jumatatu hadi Alhamisi. Ukitaka jengo tu, na utulivu wa kutosha wa kupiga picha na kupanda ngazi polepole na mdogo wake mtoto, Jumamosi inafaa sana, maana milango hufunguliwa na waongozaji wapo.

Kuna wiki mbili za pekee ambazo wenyeji wanaziita wiki za faneli, kama ile faneli ya kumiminia mafuta. Ya kwanza huangukia kati ya katikati ya Februari na mwanzo wa Machi, ya pili kati ya katikati ya Machi na mwanzo wa Aprili. Ni tarehe za mwisho: mswada ambao haujapita kwenye kamati kufikia siku hiyo kwa kawaida unakufa kwa mwaka huo, isipokuwa miswada ya bajeti na kodi. Wiki hizo jengo linachemka. Watu wanatembea haraka, vyumba vya kamati vimejaa hadi watu wanasimama ukutani. Kijana wa sekondari atajifunza mengi zaidi siku moja ya faneli kuliko mwezi mzima wa kitabu. Mtoto wa darasa la tatu atachoka na kutaka kwenda nyumbani. Mpeleke huyo siku ya kawaida.

Ziara za kuongozwa ni bure. Kundi kubwa liweke nafasi mapema, hasa kwa miezi ya Aprili na Mei ambapo shule nyingi huja kwa pamoja.

Wiki moja kabla: jina na swali

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayosahauliwa.

Kaeni mezani na mtoto, fungueni tovuti ya Bunge la Iowa, mtafute sehemu ya kuwatafuta wabunge kwa anwani. Andikeni anwani ya nyumba yenu. Yatatokea majina mawili: mmoja wa Baraza la Wawakilishi, ambalo lina wajumbe 100 wanaochaguliwa kila baada ya miaka miwili, na mmoja wa Seneti, yenye maseneta 50 wanaokaa miaka minne. Mwambie mtoto: hawa wawili ni wetu. Hata kama mimi sijapata uraia na sipigi kura bado, wanapohesabu watu wa wilaya hii ya uchaguzi wanatuhesabu na sisi.

Kisha swali. Moja tu, na liwe la mtoto, lisiwe lako. Sisi wakubwa tuna maswali ya kodi ya nyumba na makaratasi, lakini mtoto akibebeshwa swali la baba yake atalisahau akifika mlangoni. Muulize kitu gani shuleni kinamsumbua au anakifurahia, halafu tafuteni kama kitu hicho kinaamuliwa na jimbo. Vingi vinaamuliwa huko. Fedha ambazo shule hupata kwa kila mwanafunzi hupangwa na Bunge kila mwaka. Mwaka 2025 jimbo lilipitisha sheria inayozitaka shule ziwe na utaratibu wa kuzuia simu wakati wa masomo, na sijakutana na kijana asiye na maoni juu ya hilo. Jirani yetu mmoja wa darasa la saba alikuwa akimpigia mama yake simu wakati wa chakula kumwambia kama basi la mdogo wake limefika. Lilikuwa swali zuri kabisa: mwanafunzi anayewatunza wadogo zake afanyeje?

Baada ya hapo mtoto aandike barua pepe fupi, kwa Kiingereza chake mwenyewe, akifuata mpangilio huu: Jina langu ni fulani, nina miaka kumi na miwili, ninasoma shule fulani na ninaishi katika wilaya yako. Jumanne tarehe fulani nitakuwa Capitol. Ningependa kukusalimia na kukuuliza swali moja kuhusu simu shuleni. Mzazi asirekebishe kila kosa. Barua ya mtoto ikisomeka kama ya wakili, inapoteza nguvu yake.

Jibu lisipokuja, msivunjike moyo. Mtamwita mlangoni, nitaeleza.

Asubuhi yenyewe

Nguo safi za kawaida zinatosha. Kitenge ni vazi la heshima mahali popote na hapa pia. La muhimu ni viatu: sakafu ni marumaru, theluji ya buti ikiyeyuka inateleza, na mtatembea ngazi nyingi. Mtoto anywe chai na ale vizuri kabla ya kutoka. Kuna mgahawa ghorofa ya chini, lakini adhuhuri foleni yake ni ndefu, kwa hiyo chapati mbili kwenye begi hazitakosa kazi.

Fikeni mapema. Kabla ya kuingia, simameni nje upande wa magharibi mtazame juu. Kuba ya katikati imefunikwa kwa bati jembamba la dhahabu ya karati 23, na imezungukwa na nyingine nne ndogo. Ujenzi ulianza 1871 ukamalizika 1886, na mwaka 1904 moto mkubwa uliunguza sehemu ya jengo, ukiwemo ukumbi wa Wawakilishi. Mgeukie mtoto umwonyeshe mji ulivyotandazwa chini. Mtoto wangu mdogo alitafuta paa la shule yake kwa dakika kumi, na nilimwachia muda huo.

Njia ya kupita ndani

Baada ya ukaguzi, anzeni kwenye dawati la waongozaji, muulize ziara inayofuata ni saa ngapi na kama siku hiyo wanapandisha watu kwenye kuba. Njia ya kubani ni nyembamba na ngazi ni nyingi; mwenye pumu au hofu ya urefu abaki chini bila aibu.

Ghorofa ya kwanza kuna ofisi ya gavana. Hapo ninapenda kuwasimulia vijana habari za Robert Ray, gavana wa jimbo hili kuanzia 1969 hadi 1983. Mwaka 1975 Watai Dam, kabila la wakimbizi kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, walikuwa wakiomba mahali pa kuishi pamoja bila kutawanywa. Ray aliwakubali Iowa, na jimbo likaanzisha ofisi yake ya kuhudumia wakimbizi. Mtoto aliyezaliwa kambini anasikiliza hadithi hiyo kwa masikio mengine.

Panda ngazi kuu. Mbele yenu kutakuwa na picha kubwa ya ukutani, kazi ya Edwin Blashfield, inayoonyesha walowezi wakielekea magharibi na mikokoteni yao. Ni picha nzuri, na watu wengi huishia kuisifu. Mimi husimama na kuwauliza watoto: katika ardhi hii walikuwa wanaishi nani kabla mikokoteni haijafika? Waioway walikuwepo, na jina la jimbo limetoka kwao. Wasauk na Wameskwaki walikuwepo. Wameskwaki waliondolewa, wakarudi, na mwaka 1857, mwaka uleule ambao makao ya serikali yalihamia Des Moines, walinunua kwa fedha zao wenyewe ardhi karibu na Tama. Wako pale mpaka leo. Swali hili haliharibu ziara. Watoto wetu wanajua maana ya kuhamishwa, na huwa wa kwanza kujibu.

Ghorofa ya pili ndipo kumbi zenyewe zilipo, Wawakilishi upande wa kaskazini, Seneti kusini, na upande wa magharibi maktaba ya sheria yenye ngazi za chuma zinazojizungusha kama konokono. Mwacheni mtoto aingie humo anyamaze kidogo.

Kisha ghorofa ya tatu, roshani ya wageni. Simu zizimwe sauti, hakuna kupiga makofi wala kuinua bango. Mara nyingi mtakuta watu wachache wanasikiliza, mmoja anasoma hotuba, wengine wanaongea pembeni, na mtoto atadhani hakuna kinachoendelea. Mwonyesheni ubao wa kura ukutani, wenye majina ya wajumbe wote. Kura inapoitwa, taa zinawaka kijani kwa ndiyo na nyekundu kwa hapana. Mtoto atafute jina la mwakilishi wenu alilolikariri wiki nzima, aone limewaka rangi gani. Mswada unahitaji kura 51 kwa Wawakilishi na 26 kwa Seneti. Mpeni kazi ya kuhesabu. Nimewahi kuona watoto wanne wakibishana kwa kunong'ona kama ni 58 au 59, na hapo ndipo nilipojua wameingia ndani ya jambo.

Kumwita mbunge mlangoni

Wabunge wengi wa Iowa hawana ofisi zao binafsi. Meza ya ukumbini ndiyo ofisi. Kwa hiyo anayetaka kumwona mbunge huenda mlango wa ukumbi, anachukua karatasi ndogo, anaandika jina la mbunge, jina lake na anakotoka, anamkabidhi bawabu. Tarishi anaipeleka mpaka mezani. Mbunge akiweza, anatoka nje kuzungumza.

Mtoto aandike karatasi hiyo mwenyewe. Binti yangu aliandika yake akiinamia ukingo wa marumaru kwa sababu meza ilikuwa imejaa watu wazima, mkono ukitetemeka kiasi cha herufi moja kutoboa karatasi. Aliandika jina lake, shule yake, na mtaa wetu. Tulisubiri kama dakika ishirini. Kila mlango ulipofunguka alisimama wima, halafu akaketi tena. Hatimaye alitoka mama mmoja akiwa na ile karatasi mkononi, akalitamka jina la mwanangu kwa shida, akamwomba amfundishe kulitamka. Wakalirudia mara tatu. Mazungumzo yote hayakuzidi dakika nne, na mwanangu bado anayasimulia.

Katika dakika hizo kuna mambo mawili ya kumfundisha mtoto nyumbani. Moja ni macho. Kwetu mtoto mwenye adabu humpa mkubwa mkono huku ameinamisha macho. Hapa watu husoma macho yaliyoinama kuwa woga au kutojali. Mweleze kwamba kumtazama mbunge usoni anapozungumza hakuvunji adabu uliyomfundisha. Ni salamu ya mahali hapa. Mfanye mazoezi sebuleni, baba awe mbunge. La pili ni cheo: amwite kwa cheo chake na jina la ukoo, kama sisi tunavyosema Mheshimiwa fulani, halafu aseme jina lake, aulize swali, asikilize, ashukuru.

Mzazi usidakie. Hata akikwama, hesabu kumi kimoyomoyo. Na kama Kiingereza chako ni kidogo, usimgeuze mtoto kuwa mkalimani wa mambo yako dakika ileile. Yaandike, uyalete siku nyingine.

Mbunge asipotoka, acheni ujumbe. Siku ya mjadala mkali hawawezi kuondoka mezani, na mtoto aelezwe hivyo kabla ya kuandika karatasi ili asidhani amekataliwa yeye.

Kwa wakubwa kidogo: kamati ndogo

Kijana wa sekondari apelekwe kwenye kikao cha kamati ndogo. Ni chumba kidogo, mara nyingi wabunge watatu mezani, na mswada mmoja. Vikao hivi viko wazi, na wananchi waliohudhuria hupewa nafasi ya kusema. Ratiba hutolewa kwenye tovuti ya Bunge, lakini hubadilika ghafla, hivyo iangalieni tena asubuhi. Kijana anayetaka kusema aandae maneno ya dakika moja: jina, shule, anaunga mkono au anapinga, na jambo moja lililomtokea yeye mwenyewe. Wabunge wamezisikia takwimu zote. Hawajasikia habari za basi la mdogo wake.

Msiondoke kabla ya kuvuka kusini

Shule nyingi hurudi kwenye basi hapa. Mkiwa na nusu saa zaidi, tembeeni hadi jengo la mahakama lililo kusini ya Capitol. Upande wake wa magharibi kuna mnara wa chuma uliowekwa 2009. Unakumbuka kesi ya mtu mmoja mweusi aliyeitwa Ralph.

Ralph alikuwa mtumwa katika jimbo jirani la Missouri. Alikubaliana na bwana wake aje Dubuque, hapa Iowa, kufanya kazi kwenye machimbo ya madini ya risasi ili alipe dola 550 za kujikomboa. Hakuweza kulipa. Walipokuja watu kumkamata wamrudishe, kesi ilifika mahakama kuu ya eneo la Iowa, na tarehe 4 Julai 1839 Jaji Mkuu Charles Mason aliamua kwamba Ralph ni mtu huru: deni analo, lakini mtu hawezi kurudishwa utumwani kwa sababu ya deni.

Na mkiwa hapohapo, mwambieni mtoto habari za Susan Clark wa Muscatine. Alikuwa na miaka 12 mwaka 1867 alipokataliwa kuingia shule ya mtaani kwao kwa sababu ni mweusi. Baba yake, Alexander Clark, kinyozi, alishtaki, na mwaka 1868 Mahakama Kuu ya Iowa ikaamua kwamba shule za umma haziwezi kumtenga mtoto kwa rangi. Baba huyo baadaye alitumwa kuwa mwakilishi wa Marekani nchini Liberia, na alifia Monrovia mwaka 1891. Binti yangu alipokwenda mara ya pili alikuwa na miaka 12 pia. Alisimama kimya, halafu akaniuliza Susan alikuwa anapenda somo gani.

Mkisharudi nyumbani

Usiku uleule, kabla ya kulala, mtoto aandike mambo matatu: alichokiona, alichoambiwa, alichobaki anajiuliza. Ndani ya wiki moja aandike barua ya shukrani kwa mbunge, kwa mkono, yenye kutaja jambo hasa walilozungumza. Kama mbunge aliahidi kufuatilia kitu, barua hiyo ndiyo mahali pa kumkumbusha. Fuatilieni pia mswada wenyewe kwenye tovuti kwa namba yake, muone umefika wapi au umekufia faneli ipi.

Na kama aliwatazama wale matarishi waliokuwa wakibeba karatasi, mwambie hao ni wanafunzi wa sekondari, wa miaka miwili ya mwisho, wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo. Mtu huomba, anaandika maelezo yake, anapata barua za walimu wanaomfahamu. Maombi hutumwa miezi kabla ya Januari, kwa hiyo muulizeni mshauri wa shule mara tu masomo yanapoanza Agosti. Binti yangu amebakiza mwaka mmoja. Ameshaibandika tarehe ukutani, juu ya kitanda, pembeni ya ile karatasi yenye herufi iliyotoboka, ambayo yule mama alimrudishia.